Sahani ya mchanga: China ilivyojijenga upya kuwa dola, 1911 hadi 1960 (uzi mrefu)

#1 Mleta uzi

Wakuu, nawasalimu.

Kila China ikitajwa humu, mjadala huishia palepale. Wengine wanataja reli na viwanda, wengine idadi ya waliokufa enzi za Mao. Swali langu linatangulia hayo yote. Mwaka 1911 bandari kubwa za nchi ile zilikuwa mikononi mwa wageni, na hata forodha yake iliongozwa na Mwingereza. Miaka 40 baadaye serikali yake inamjua kwa jina mkulima wa kijiji cha mwisho mlimani. Hilo liliwezekanaje? Na mkono uleule uliompelekea shamba mwaka 1950 ulikujaje kumkomba chakula mwaka 1959?

Mapenzi yangu na historia hii nilirithi kwa babu, pamoja na redio yake. Alikuwa msikilizaji wa Radio Peking ya Kiswahili, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1961. Nitaandika kwa vipande. Mwenye swali aulize, asisubiri nimalize.

Tuanze na Sun Yat-sen. Daktari huyu wa kijiji cha Cuiheng, Guangdong, alisoma Hawaii na Hong Kong, akaishi uhamishoni miaka 16 akichangisha fedha kwa Wachina wa ng'ambo. Alikuwa na mfano mmoja aliourudia sana: Wachina ni sahani ya mchanga. Kila punje iko peke yake. Mtu yuko radhi kufa kwa ajili ya ukoo wake, lakini neno "taifa" halimgusi. Dawa, alisema katika mihadhara yake ya 1924, ni kuutia mchanga huo saruji ushikane uwe jiwe. Ushikeni mfano huu, maana yote yanayofuata ni ubishi juu ya saruji hiyo: ni kitu gani, na nani ana haki ya kuikoroga.

Mapinduzi ya 1911 yenyewe yalianza kwa ajali. Tarehe 9 Oktoba bomu walilokuwa wakilitengeneza wanamapinduzi liliwalipukia Hankou. Polisi wakavamia, wakakuta orodha ya wanachama, na wengi wao walikuwa askari wa jeshi la serikali. Askari wale wakaona heri waasi kuliko kusubiri kukatwa vichwa. Usiku wa tarehe 10 wakaiteka Wuchang. Sun alikuwa Denver, Marekani, na habari hizo alizisoma gazetini kama mtu mwingine yeyote. Tarehe 12 Februari 1912 mfalme mtoto Puyi akatangazwa kuachia kiti, na utawala wa kifalme wa zaidi ya miaka 2,000 ukakoma.

Ulikoma bila kuwepo kitu cha kushika nafasi yake. Sun hakuwa na jeshi, akamwachia urais Yuan Shikai aliyekuwa nalo. Uchaguzi ukafanyika, Kuomintang, chama cha Sun, wakashinda, na aliyewaongoza kwenye kampeni, Song Jiaoren, akapigwa risasi stesheni ya treni ya Shanghai tarehe 20 Machi 1913, akiwa njiani kwenda Beijing. Alikuwa na miaka 30. Yuan akajitangaza mfalme mwishoni mwa 1915, mikoa ikamwasi, akafa Juni 1916. Baada yake kila jenerali akawa na mkoa wake, jeshi lake na kodi zake. Mchanga mtupu.

Naendelea jioni.

#2 Mdau

Mkuu usije ukairuka Mei 4. Sisi tuliosoma historia chuo tuliambiwa China ya leo ilizaliwa siku ile.

#3 Mleta uzi

Siwezi kuiruka, kaka. Hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Vita vya kwanza vya dunia China iliwapelekea Waingereza na Wafaransa vibarua takriban 140,000, wakachimba mahandaki na kupakua meli. Kwa hiyo Wachina walikwenda Versailles, kwenye mkutano wa amani, wakiamini kwamba Shandong, mkoa aliozaliwa Confucius, ungerudi kwao kutoka kwa Wajerumani. Wakubwa wakaamua haki zile za Wajerumani wapewe Wajapani.

Jumapili ya tarehe 4 Mei 1919 wanafunzi wapatao 3,000 wakakusanyika mbele ya lango la Tiananmen. Wakazuiwa kuingia mtaa wa balozi. Wakageuka, wakaelekea nyumbani kwa Cao Rulin, waziri waliyemwona ameiuza nchi kwa Japani. Kijana mmoja akapenya dirishani, akawafungulia wenzake mlango. Cao akajificha. Balozi wa China huko Tokyo, Zhang Zongxiang, aliyekuwa mgeni humo ndani, akapigwa vibaya. Nyumba ikachomwa, na vijana 32 wakakamatwa.

Ingeweza kuishia hapo, vurugu ya siku moja ya wasomi. Kilichoibeba ni Shanghai. Tarehe 5 Juni maduka yakafungwa na wafanyakazi wa viwandani wakagoma. Tarehe 10 Juni serikali ikawaachisha kazi Cao, Zhang na mwenzao wa tatu, Lu Zongyu. Tarehe 28 Juni ujumbe wa China ukakataa kutia saini mkataba wa Versailles. Mfikirieni muuza duka wa Shanghai aliyeufunga mlango wake karibu wiki nzima, riziki imesimama, kwa ajili ya mkoa ambao labda hajawahi kuukanyaga. Punje zilianza kushikana.

Lakini hayo yalikuwa ya mjini. Walio wengi sana walikuwa vijijini, na huko hakuna aliyejua Versailles ni mtu au ni chakula.

#4 Mdau

Nikukatishe kidogo. Ukomunisti China uliletwa na Warusi, pesa za Warusi, washauri wa Warusi. Hiyo "nguvu ya wakulima" ni hadithi iliyotungwa baadaye.

#5 Mleta uzi

Nusu ya unayosema ni kweli na siipingi. Mkutano wa kwanza wa Chama cha Kikomunisti, Shanghai, Julai 1921, ulikuwa na wajumbe 13 na wageni wawili kutoka Moscow. Polisi walipowanusa wakahamia kwenye mashua ziwani Jiaxing, wakamalizia humo. Chuo cha kijeshi cha Whampoa cha 1924, kilichowafunza makamanda wa pande zote mbili, Kuomintang na Wakomunisti, kilisimama kwa fedha na washauri wa Kisovieti.

Lakini mkuu, msome Peng Pai kwanza. Mtoto wa kabaila wa Haifeng, Guangdong, aliyesoma Japani. Mwaka 1922 anakwenda kijijini kuwaambia wakulima waungane. Amevaa suti nyeupe ya mwanafunzi na kofia nyeupe. Mkulima wa kwanza anayekutana naye anadhani amekuja kudai kodi. Mwingine anamkwepa kama anavyokwepwa mdai. Anarudi nyumbani bila kumpata hata mmoja, na ndugu zake hawataki hata kumsemesha.

Akabadilika. Akavaa nguo za kikulima, akaacha maneno ya vitabuni, akaketi njia panda mbele ya hekalu ambako watu wanapita na mizigo yao. Akaleta gramafoni. Akafanya na kiinimacho, watu wakajaa, ndipo akaanza kuuliza: kodi ya shamba unalipa kiasi gani? Baada ya kodi kinabaki nini? Chama chake kilianza na watu sita. Hati za mashamba aliyorithi akazichoma mbele ya wapangaji wake. Kufikia Januari 1923 shirikisho la wakulima wa Haifeng lilihesabu kaya zipatazo 20,000. Mao wakati huo alikuwa bado anahangaika na migomo ya wafanyakazi Hunan.

Hayo hayakutoka Moscow. Moscow ilikuwa inasubiri tabaka la wafanyakazi wa viwandani, ambao China walikuwa wachache mno. Peng aliuawa Shanghai Agosti 1929, na kila nikifika hapo nasimama kidogo.

Kati ya hapo ni mbio. Tarehe 30 Mei 1925 polisi wa eneo la kigeni Shanghai, chini ya afisa Mwingereza, waliwafyatulia risasi waandamanaji barabara ya Nanjing, na nchi nzima ikawaka. Hong Kong na Guangzhou waligoma miezi 16. Mwaka uliofuata majeshi ya Kuomintang na Wakomunisti yakatoka kusini pamoja kuwafagia wababe wa vita. Walipoifika Shanghai, alfajiri ya tarehe 12 Aprili 1927, Chiang Kai-shek, kamanda wa majeshi ya Kuomintang, akawageukia Wakomunisti kwa msaada wa genge la wahalifu la Du Yuesheng. Vyama vya wafanyakazi vikavunjwa kwa damu. Sun alikuwa ameshafariki miaka miwili, na watu wake wakaanza kuchinjana.

#6 Mdau

Dada yenu hapa kutoka Mombasa. Naona Chiang mnamchora shetani. Alikuwa mzalendo pia, alipigana na Japani miaka minane, na jeshi lake ndilo lililobeba mzigo wa vita kubwa kubwa. Mbona hampewi haki yake?

#7 Mleta uzi

Haki yake apewe, dada, umesema kweli. Vita vya Shanghai vya 1937 askari wake walikufa kwa makumi ya maelfu. Serikali yake ya Nanjing ilirudisha mamlaka ya China juu ya ushuru wa forodha, na mwaka 1935 ikaleta sarafu moja ya taifa. Mambo ya dola halisi hayo.

Kosa lake kubwa naliona mahali ambapo watu hawatazami. Mwaka 1928 serikali ya Nanjing iliiachia mikoa kodi ya ardhi. Katika nchi ya wakulima, aliyeachia kodi ya ardhi amekiachia kijiji. Fedha za Nanjing zilitoka forodhani, kwenye chumvi na viwandani, yaani pwani. Kijijini serikali ilionekana kwa sura ya kabaila, mkusanya kodi na mtu wa kukamata vijana kwa ajili ya jeshi. Wajapani walipoichukua pwani, walichukua na mfuko.

Wakomunisti nao walikuwa wameshapigwa. Oktoba 1934 walitoka Jiangxi watu wapatao 86,000, na mwaka mmoja baadaye waliofika kaskazini walikuwa takriban 8,000. Yan'an, Shaanxi, walikoweka makao, ni nchi ya udongo wa manjano, kame, watu wanaishi kwenye mapango yaliyochongwa vilimani. Huko hapakuwa na forodha wala kiwanda cha kutoza. Ukitaka kula, umwombe mkulima, na mkulima akikukataa umekwisha.

Kwa hiyo walijifunza kusikiliza. Kodi ya shamba anayolipwa kabaila ikapunguzwa kwa asilimia 25. Viongozi wa kijiji wakachaguliwa na watu wasiojua kusoma, na namna yake naipenda sana: wagombea wanakaa kwenye benchi, nyuma ya mgongo wa kila mmoja pana bakuli. Mpiga kura anapita nyuma yao na kudondosha punje ya harage kwenye bakuli la anayemtaka. Pengine walitumia karatasi yenye majina, ukatoboa kwa ncha ya udi unaowaka pale kwenye jina la unayemtaka.

Kisa kimoja Mao mwenyewe alikisimulia baadaye. Juni 1941 kikao cha kujadili nafaka kilipigwa na radi, afisa wa wilaya akafa. Mkulima mmoja akasema wazi: kwa nini radi haikumpiga Mao Zedong? Watu wa usalama walitaka kumkamata. Mao akawazuia, akataka kujua mtu huyu amekerwa na nini. Jibu lilikuwa kodi. Mwaka ule serikali ya Yan'an ilidai shi 200,000 za nafaka (shi ni kipimo cha Kichina), mzigo mkubwa mno kwa eneo maskini namna ile. Mwaka 1942 kiwango kikashushwa hadi 160,000, na wanajeshi waliokwisha kupelekwa bonde la Nanniwan wakaendelea kulima wajilishe wenyewe.

Kitunzeni kisa hiki. Nitakirudia.

Na nisipake rangi. Palepale Yan'an, mwandishi Wang Shiwei alikosoa wakubwa kwa kula na kuvaa vizuri kuliko wengine. Alikamatwa 1943, akauawa 1947. Mkulima aliyelalamikia kodi alisikilizwa, msomi aliyelalamikia mamlaka hakusamehewa.

#8 Mdau

Hapo kwenye harage nimejifunza kitu. Sasa tupeleke Oktoba 1, 1949, Mao amesimama juu ya lango na kusema "Wachina wamesimama".

#9 Mleta uzi

Mkuu, hilo wengi wanalikosea. Maneno yale aliyasema tarehe 21 Septemba, kwenye ufunguzi wa mkutano wa mashauriano ya kisiasa. Tarehe 1 Oktoba juu ya Tiananmen alitangaza kuundwa kwa serikali, basi.

Kabla ya kulifika lango lile kulikuwa na toroli. Vita vya Huaihai kati ya Wakomunisti na Chiang, Novemba 1948 hadi Januari 1949, ndivyo vilivyoamua nchi iwe ya nani. Chiang alikuwa na vifaru, ndege na reli. Upande wa pili wakulima milioni 5.43 walihesabiwa kuwa walibeba mizigo: toroli za mbao za gurudumu moja, mizega mabegani, punda, machela za kubebea majeruhi. Ni mistari ya watu kwenye barafu wakisukuma mtama na risasi kuelekea mbele. Wakati huohuo mjini fedha ya Chiang ilikuwa imekufa. Agosti 1948 ilitolewa sarafu mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, na kabla ya mwaka kwisha nayo ilikuwa inaporomoka.

Kwa nini walisukuma? Wengine waliamriwa, hilo lipo. Lakini wengi walikuwa wamepata mashamba, au wanaona kwa macho kijiji cha jirani kimepata. Kabla ya kugawana ardhi kijiji kilikalishwa kwenye mkutano wa "kumwaga uchungu". Mjane anasimama mbele ya kabaila aliyemchukulia mwanawe kwa deni, anasema mwaka, anasema kiasi cha nafaka, analia, na ukumbi mzima unalia naye. Mtu aliyedhani masaibu yake ni majaliwa yake anagundua jirani ana yaleyale. Mimi naamini hiyo ndiyo saruji aliyoitafuta Sun.

Ilikuwa na damu ndani yake. Mikutano mingi iliishia kwa kabaila kupigwa hadi kufa palepale. Na kampeni ya kuwamaliza "wapinga mapinduzi" iliyoanza 1950 iliwaua 712,000, kwa hesabu ya serikali yenyewe. Anayesema mapinduzi yaliharibika baadaye tu, namba hiyo aitazame.

Upande mwingine, wakulima wapatao milioni 300 waligawiwa ardhi. Sheria ya Ndoa ya Mei 1950 ilikataza kuozesha kwa lazima na ikampa mwanamke haki ya talaka. Dada wa Mombasa, wanawake walioidai talaka hiyo wengine waliuawa na waume zao au wakwe, makada wa kijijini wakitazama pembeni. Sheria ilifika kijijini kabla mioyo haijafika.

#10 Mdau

Uzi mzuri, ila nataka ulinganishe na kwetu. Mwalimu alikwenda China, waziri mkuu wao Zhou Enlai alikuja Dar, tukapata Ujamaa na vijiji. Si mchezo uleule?

#11 Mleta uzi

Mwalimu alikwenda Februari 1965 na Zhou akaja Juni mwaka huohuo, na uhusiano ule ulituachia reli ya TAZARA, kilomita 1,860. Watu walihamishwa kwa nguvu kwenye Operesheni Vijiji, nyumba nyingine zikabomolewa, na waliohamishwa bado wapo wanaosimulia. Ila tofauti moja ni kubwa. Chakula kilipopungua 1974 na 1975, Tanzania ilinunua mahindi nje, na kila mtu alijua kuwa kuna njaa. China ya 1959 iliuza nje nafaka zaidi ya tani milioni 4, na aliyesema kuna njaa aliitwa adui.

Mfuateni mkulima yuleyule. 1950 ana shamba na hati. 1953 serikali inakuwa mnunuzi pekee wa nafaka, kwa bei yake. 1956 shamba linaingia ushirika. Januari 1958 sheria ya hukou, yaani usajili wa makazi, inamfunga kijijini, hawezi kuhamia mjini bila kibali. Mwaka huohuo ushirika unakuwa komuni, wote wanakula jiko moja, na sufuria za nyumbani zinayeyushwa kwenye tanuri za kufua chuma. Kila hatua ilipitia kwenye mikutano ileile, makada walewale, milango ileile iliyofunguliwa wakati wa kugawa ardhi. Komuni ya Chayashan, mkoani Henan, eneo la Xinyang, huhesabiwa kuwa miongoni mwa za kwanza kabisa nchini.

Mavuno yakaanza kutangazwa mara tatu, mara tano ya yaliyopo. Kada aliyesema kweli alipoteza kazi, aliyeongopa alipandishwa. Serikali ikadai fungu lake kwa hesabu ya uongo.

Marshal Peng Dehuai, waziri wa ulinzi, mtoto wa familia fukara ya Xiangtan, alikwenda Hunan mwishoni mwa 1958. Katika maelezo aliyoandika baadaye anasema mzee mmoja, askari wa zamani aliyejeruhiwa vitani, alimtia karatasi mkononi. Ilikuwa na mashairi: nafaka zimetapakaa chini, majani ya viazi yamekauka, vijana wamekwenda kufua chuma, wanaovuna ni watoto na wanawake. Mzee alimwomba awasemee watu.

Julai 1959, kwenye mkutano wa Lushan, Peng alimwandikia Mao barua, ya heshima na ya siri. Tarehe 16 Mao aliamuru ichapwe na kugawiwa wajumbe, kisha akamgeukia. Peng akapoteza uwaziri. Kampeni mpya ikashuka hadi vijijini kuwasaka walio na mawazo kama yake, na madai ya nafaka yakakazwa badala ya kulegezwa. Mtu wa 1941 aliyetaka kujua mkulima amekerwa na nini hakuwepo tena ndani ya mwili uleule.

Xinyang, palepale komuni ilipozaliwa, makada walipita nyumba kwa nyumba wakipiga watu waonyeshe nafaka walizoficha, ambazo hazikuwepo. Walinzi wakawekwa barabarani watu wasitoke kwenda kuomba. Kati ya watu wapatao milioni 8 walikufa milioni moja au zaidi, na nchi nzima makadirio ya wataalamu ni kati ya milioni 15 na 45. Waliojua kuandika waliandika: kwa ndugu walioko jeshini, kwa mkoa, kwa Beijing, kwa Mwenyekiti mwenyewe. Posta ya Xinyang ilizizuia barua zaidi ya 12,000, na baadhi ya walioziandika wakasakwa.